Anayeuza injini auze na maarifa yake

Injini ndogo ya petroli imekuwa mwenyeji katika nchi yetu. Ukipita kando ya Ziwa Victoria wakati wa kiangazi utaisikia ikivuta maji kuyapeleka katika mashamba ya nyanya na sukumawiki. Ukifika Kibwezi au Loitokitok utaikuta ukingoni mwa mto, imefunikwa gunia kukingwa jua. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kiambu na Nyeri inakata majani ya mifugo, na katika vituo vya biashara vijijini inawapa umeme vinyozi, wauza soda na makanisa ya Jumapili.

Wala si ajabu. Umeme wa nchi hii umetufunza kujitegemea. Mwaka wa 2000 ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, tuligawiwa umeme kwa zamu kama watoto wanaogawiwa nyama. Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa (tumbili mwenyewe alinusurika, jambo ambalo baadhi yetu hatukulifurahia sana). Agosti 25, 2023 giza likarejea, na Desemba 10 mwaka uo huo likarejea tena, likaufikia hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Baada ya kila giza kama hilo, jenereta hununuliwa kama maandazi ya asubuhi.

Mimi sina ugomvi na injini hii. Ugomvi wangu ni namna tunavyouziwa. Nimeingia katika maduka kadhaa ya vifaa vya kilimo na ujenzi, mengine Nairobi na mengine miji ya mashambani, nikauliza maswali mawili mepesi: Je, mashine hii ina oili ndani? Na je, isiwashwe mahali gani? Katika duka moja niliambiwa niulize fundi. Katika jingine kijana mmoja mwenye adabu nyingi alinikabidhi kijitabu. Kilikuwa kwa Kichina na Kiingereza, na hicho Kiingereza kilikuwa kimetafsiriwa kwa namna ambayo hata mwalimu wa somo hilo angekuna kichwa. Neno la Kiswahili halikuwamo hata moja. Mnunuzi aliyefuata nyuma yangu, mkulima wa makamo, alilipa, akabeba sanduku lake begani, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia lolote ila bei.

Nasema kwamba hiyo ni dhuluma, na ni dhuluma inayoua. Nitaanza na kisima, kwa maana hapo ndipo wakulima wetu wanapokufa kwa kutojua jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano.

Wengi hudhani kwamba pampu huyavuta maji kama mtu avutavyo ndoo kwa kamba. Sivyo. Pampu huondoa hewa iliyomo katika bomba, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo. Pwani, penye usawa wa bahari, hata pampu isiyo na kasoro yoyote haiwezi kuyapandisha maji kwa njia hiyo kupita mita kumi hivi, na pampu za kawaida hukomea mita saba au nane. Katika nyanda za juu, kama vile Nairobi iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kikomo hicho hupungua kwa zaidi ya mita moja. Basi mkulima wa Machakos mwenye kisima cha mita kumi na tano anaiweka pampu yake mpya juu, anaiwasha, inanguruma kutwa nzima bila kutoa hata tone. Anadhani ameuziwa pampu mbovu. Kisha jirani humpa shauri: "Iteremshe karibu na maji."

Naye huiteremsha. Injini hufungwa kamba, ikawekwa juu ya mbao au juu ya kingo iliyochongwa ndani ya kisima, na mtu hushuka nayo ili aiwashe. Na maji hutoka! Hapo ndipo ulipo mtego. Shauri la jirani ni sahihi kwa upande wa maji na ni hukumu ya kifo kwa upande wa pumzi.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Ni gesi ile ile itokayo katika jiko la makaa, ile iwauayo watu wanaojifungia nalo chumbani katika baridi ya Julai. Chembechembe nyekundu za damu huishika gesi hii kwa nguvu inayozidi mara mia mbili ile zinayoishikia oksijeni, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu angali anapumua. Hewa ikiwa na gesi hii kwa asilimia 1.3 hivi, mtu hupoteza fahamu baada ya kuvuta pumzi mbili au tatu, na hufariki kabla ya dakika tatu kutimia. Moshi wa injini ndogo una asilimia kadhaa za gesi hiyo. Ndani ya kisima hauna pa kwenda.

Aliyeshuka haamki. Ndugu yake aliye juu anamwona ameanguka, naye anashuka kumwokoa. Wa tatu anawafuata wawili. Ndiyo sababu misiba ya visima aghalabu huwa ya jeneza zaidi ya moja katika boma moja, na wanaokufa baadaye ni wale waliokuwa na moyo wa huruma kuliko wenzao.

Wako wanaoteremsha taa iliyowashwa ili waone kama itazimika. Taa hiyo huonyesha kwamba oksijeni imepungua, lakini haina habari ya kaboni monoksidi, kwa kuwa kiasi kinachomwangusha mtu ni kidogo mno hata mwali hautikisiki. Kadhalika kuzima injini hakutoshi, kwani gesi huweza kukaa kisimani kwa saa nyingi. Injini ya petroli isiingie kisimani kamwe, wala isiwekwe mdomoni mwake. Maji yaliyo chini ya kikomo nilichokitaja yanataka pampu ya kuzamishwa majini, inayoendeshwa kwa sola au kwa jenereta iliyowekwa mbali, au basi pampu ya mkono. Yeyote anayeshuka kisimani kwa kazi nyingine na afungwe kamba kiunoni kabla ya kushuka, na watu wa kumvuta wawe juu, ili ikitokea ameanguka avutwe bila mtu mwingine kumfuata.

Jenereta ya nyumbani au dukani ina hatari ile ile, ila huko kifo huja polepole. Mwenye duka huogopa wezi, kwa hiyo huiingiza ndani usiku na kufungua dirisha, akidhani dirisha litatosha. Halitoshi. Mashine na ikae nje kabisa, hatua nane au kumi kutoka mlangoni, bomba la moshi likielekea kusiko na watu, na kama ni wezi, mnyororo na kufuli vipo madukani. Tatizo kubwa ni kwamba dalili zake za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Katika nchi hii, ni nani asiyeuita ugonjwa huo malaria? Mtu humeza vidonge, akajilaza kando ya mashine ile ile inayomuua. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja huku jenereta inanguruma, watoke nje kwanza, malaria itapimwa baadaye.

Sasa nije kwenye petroli yenyewe. Haifai Mkenya yeyote afundishwe upya kwamba petroli inaua. Januari 31, 2009 pale Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka na zaidi ya watu mia moja wakateketea. Septemba 12, 2011 mafuta yalivuja katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, na tukazika watu wapatao mia moja tena. Tulilia, tukaunda kamati, tukasahau. Lakini mtu yule yule aliyehuzunika kwa ajili ya Sinai humimina petroli katika tangi la injini inayounguruma, sigara ikiwa mdomoni mwa jirani, eti asimkatize kinyozi kazi.

Petroli haiungui ikiwa maji maji. Kinachoshika moto ni mvuke wake, nao hutoka hata katika baridi kali kuliko ya Limuru. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni mpaka ukute jiko. Mtu anaweza kumwaga mafuta chumba kimoja na moto ukaanzia chumba cha pili. Injini izimwe, iachwe robo saa ipoe, ndipo itiwe mafuta, tena mchana kweupe na si kwa mwanga wa kibatari. Tangi lisijazwe mpaka shingoni, maana petroli hutanuka kwa joto. Yaliyomwagika yapanguswe na kuachwa yakauke kabla ya kuvuta kamba. Na ule mtungi uliokuwa wa mafuta ya kupikia usiwe wa petroli leo na wa mafuta ya taa kesho: petroli kidogo tu ikichanganyika na mafuta ya taa hugeuza taa ya mtoto anayesoma kuwa bomu.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa na watu waliosoma, tena wenye nyumba nzuri. Umeme ukipotea, huchukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja wakauchomeka katika jenereta na wa pili katika tundu la ukutani, nyumba nzima ikawaka. Hawajui kwamba umeme huo hutoka nje vilevile kupitia mita. Ukifika kwenye transfoma hupanda kinyumenyume kutoka volti 240 hadi volti 11,000, ukaingia katika nyaya ambazo fundi wa Kenya Power amezishika akijua zimezimwa. Huyo fundi ana mke na watoto. Mwenye jenereta aweke swichi ya kubadilishia umeme iliyofungwa na fundi aliyesajiliwa, au basi achomeke jokofu lake moja kwa moja kwenye jenereta.

Utunzaji wa injini sitaurefusha, ingawa ndio unaotupotezea fedha nyingi zaidi. La kwanza ni lile swali langu la dukani. Injini nyingi mpya huja bila oili, kwa kuwa husafirishwa kavu. Mkulima hutia petroli, akavuta kamba, ikawaka vizuri, na baada ya dakika chache pistoni ikaganda ndani ya silinda. Mashine ya mavuno ya msimu mzima imekufa kabla ya kumwagilia tuta moja, na duka halirudishi fedha. Injini ya kawaida ya pampu hutaka oili isiyozidi lita moja, aghalabu sita kwa kumi ya lita. Ipimwe kila asubuhi mashine ikiwa imesimama sawa. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa ishirini za kazi, kwani huwa na chembe za chuma kipya, na baadaye kila saa mia moja. Zile jenereta ndogo kabisa za mipigo miwili hazina mahali pa oili. Zake huchanganywa na petroli, na nyingi hutaka mililita 20 kwa kila lita. Anayezichanganya kanuni hizi mbili huua mashine zote mbili.

Chujio la hewa husahauliwa kuliko kitu chochote, nasi tunalima katika vumbi jekundu lililo kama msasa. Sifongo yake ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Isioshwe kwa petroli. Mashine ikiwekwa kando kwa miezi, petroli imwagwe kutoka tangini na katika kabureta, kwa sababu ikikaa huacha utando unaoziba vitundu vyake vyembamba.

Nina neno pia kwa mafundi wa jua kali, ambao nawastahi, maana bila wao nchi hii ingesimama. Lipo jambo moja wanalolifanya lisilofaa: mteja akilalamika kwamba mashine haina nguvu, wao hukaza springi ya gavana ili injini izunguke kwa kasi kuliko ilivyopimiwa. Jenereta ya kawaida ya umeme wetu huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikipita hapo kwa kiasi kikubwa, volti hupanda, na televisheni ya mteja huungua wiki ile ile anayomsifu fundi. Kwa mashine ya kukata majani, kasi ya kupita kiasi huweza kurusha kisu. Na kwa kuwa nimetaja kisu: kabla ya kutia mkono kuondoa majani yaliyokwama, waya wa plagi ya injini uchomolewe. Injini yenye joto huweza kuruka mzunguko mmoja mtu anapozungusha gurudumu kwa mkono, na mzunguko mmoja unatosha kuondoa vidole.

Msomaji atauliza: haya yote si yamo katika vijitabu? Naam, mengi yamo. Onyo la moshi limo, la petroli limo, la oili limo. Yamo katika lugha ambayo mkulima wa kisima hakuisoma kiasi cha kuielewa, na hilo ndilo shtaka langu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 kinasema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivi viwili bega kwa bega, sioni namna mtu atakavyotetea pampu iliyouzwa Wote au Bondo ikiwa na maelezo ya Kichina.

Wala hatuombi jambo geni. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka wa 2007 ilitaka pakiti ya sigara ibebe onyo kwa Kiswahili pia. Chupa za dawa za kunyunyizia mimea huandikwa Kiswahili kando ya Kiingereza. Kwa nini basi pampu inayonunuliwa na mkulima yule yule, aghalabu katika duka lile lile analonunulia dawa, iwe bubu?

Najua wafanyabiashara watasema ni gharama. Karatasi moja iliyopigwa chapa ni gharama gani mbele ya bei ya jenereta? Wengine watasema Mkenya hasomi maelezo hata yakiwa kwa lugha ya mamake. Mtu aliyeuza mbuzi watano ili anunue pampu atasoma, na asipoweza mwanawe atamsomea. Wapo pia wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mitambo. Hao waende barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wakasikilize: plagi, kabureta, pistoni, silinda, gavana, springi. Mafundi walikwisha kuyapa maneno haya uraia zamani, wataalamu wa istilahi watabishana baadaye kuhusu tahajia.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo hukagua bidhaa ziingiazo nchini, halina budi kutoa agizo kwamba hakuna injini ndogo ya petroli itakayouzwa bila karatasi ya Kiswahili yenye michoro, na bila kibandiko chekundu juu ya tangi kisemacho isiwashwe ndani ya nyumba wala ndani ya kisima. Serikali za kaunti zina maofisa wa kilimo wanaozunguka vijijini. Wapewe karatasi hiyo waisome katika mikutano ya wakulima kabla ya kila kiangazi. Nao wenye maduka wasingoje agizo. Mnunuzi anapolipa, oili imiminwe mbele ya macho yake, aonyeshwe alama iliyo kwenye kijiti cha kupimia, aulizwe kisima chake kina kina gani, kisha mashine iwashwe mbele yake, uani, si dukani.